Upande Mmoja wa Paa

Mwezi uliopita tulimzika Anko Wanjala, mume wa senge yangu, yaani dada ya baba, Rispa. Kwa kuwa watu wa kwetu hawawezi kumzika mtu bila hotuba za kutwa nzima, nilipata muda mrefu wa kuliangalia paa la nyumba yake. Ni paa la mabati la kawaida, lenye pande mbili. Upande wa kulia mabati ni mazito na yamepigiliwa kwa mstari ulionyooka, na kutu imeanza tu kuyagusa. Upande wa kushoto ni mabati membamba ya aina nyingine, yamejikunja pembeni na kutoboka, hata ukisimama ndani saa za mchana unaona mwanga. Wageni wawili walioketi nyuma yangu walikuwa wakicheka chini kwa chini. Mmoja akasema mzee alikuwa bahili, alinunua mabati mazuri ya upande wa barabarani tu ili wapita njia wamsifu. Nilitaka kugeuka nimwambie jambo. Nikanyamaza, kwa sababu kueleza kungechukua muda mrefu kuliko hotuba ya chifu, na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia. Acha nieleze hapa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikatumwa Nairobi nikae kwa senge, nikingoja kuitwa chuoni. Kungoja ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kumbe nilikuwa nimepelekwa kwa mafundi wa kazi hiyo. Senge na Anko walikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli: chumba kimoja, jiko dogo pembeni, bomba na choo nje vya kugawana na majirani. Anko alikuwa fundi katika karakana ya treni. Walikuwa wamekaa katika chumba kile tangu walipooana. Mungu hakuwajalia mtoto, na labda ndiyo maana safu nzima ya nyumba, Wakikuyu kwa Wakamba, walimwita Senge wakidhani ni jina lake. Lakini ungeingia ndani ungesema watu hawa wamehamia jana, au wanahama kesho. Ukutani hapakuwa na kitu ila msumari wa koti la Anko. Tulikula kwa sahani za bati zilizobambuka rangi, tukanywa chai kwa vikombe vya plastiki vyenye ladha ya sabuni, isipokuwa Anko, aliyekuwa na kikombe chake cha bati cha samawati. Na kila mahali, chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango, palijaa makatoni yaliyofungwa kwa kamba ya katani, pamoja na sanduku kubwa la bati lenye kufuli. Pazia liligawanya chumba, na mimi nililala upande wa makatoni.

“Hivyo ni vitu vya nyumbani,” Senge aliniambia siku ya kwanza, akiona ninavyoviangalia. Alisema “nyumbani” kwa sauti ya mtu anayetaja kanisa. Kwetu magharibi ilikuwa hivyo, na kwa wengi bado ni hivyo. Nairobi mtu hana nyumba, ana pa kulala. Nyumba ni ile uliyojenga kwenu, na kitu kizuri hakifunguliwi hadi uingie kwako. Senge alikuwa na vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu na maua madogo mekundu, na visahani vyake. Alikuwa na mashuka ya maua, blanketi zito la kijani, mapazia, chupa ya chai ambayo haikuwa imewahi kutiwa chai. Alivijua kwa jina la katoni kama mwalimu anavyojua madawati ya darasa. Nyumba yenyewe ilikuwa imefika kwenye linta, juu tu ya madirisha, na kusimama hapo miaka mingi, majani yakiota sebuleni. Anko alituchorea nyumba hiyo mezani kila jioni kwa mpini wa kijiko. Alijua dirisha lipi litapata jua la asubuhi, katika nyumba ambayo kwa wakati ule wapangaji wake walikuwa mbuzi wa ndugu yake.

Saa za mchana Senge alikaa mlangoni akidarizi. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Shiru, aliyeuza mboga, alikuja na beseni lake la sukuma wiki na kisu, akakaa chini, akakata mboga za wateja huku wakipiga domo. Mama Shiru alikuwa mnene, mwenye kucheka haraka, na hakuwa na adabu ya kunyamazia jambo. Mwezi ule niliofika, Senge alikuwa anamalizia kitambaa kikubwa cheupe chenye kuku wawili pembeni na maneno katikati: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

“Sasa hicho ukimaliza utaweka wapi?” Mama Shiru akauliza.

“Kwa sanduku.”

“Aki Senge! Si ukiweke kwa ukuta tuone? Ama ni panya ndio watasoma?”

“Huu ukuta ni wa reli, Mama Shiru. Mimi niko na wangu.”

“Uko na wako wa mbuzi. Leo ni leo, mama. Asemaye kesho ni mwongo.”

Senge akacheka, akakata uzi kwa meno, akakikunja kile kitambaa mara nne. Nilimshikia kifuniko cha sanduku alipokuwa akikiweka. Nakumbuka aliinama kwa shida, akajishika chini ya kwapa la kushoto, na nilipomuuliza akasema ni uchovu wa kudarizi. Haukuwa uchovu. Kumbe uvimbe alikuwa ameugundua tangu mwaka uliotangulia, akauweka kando pamoja na vitu vingine. Alikuwa amepanga ataonana na daktari Disemba watakapokwenda nyumbani, kwa sababu kule kuna nafasi, kuna dada wa kumsindikiza, hakuna haraka. Disemba ikaja, kukawa na arusi. Akasema Aprili. Jambo hilo bado hunikasirisha, hata leo, nikiwa mtu mzima kuliko alivyokuwa yeye.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Mama Shiru alimburuta hospitalini kwa nguvu. Jioni ile tulikula ugali na omena, nikaosha vyombo, nikaingia nyuma ya pazia langu. Pazia halizibi masikio. Nilimsikia Anko akivuta kiti.

“Daktari amesema aje?”

“Amesema nimechelewa.”

“Umechelewa kufanya nini?”

“Wanjala, nimechelewa. Amesema wanaweza kukata, lakini imeshapita mahali pa kukata. Amesema nile vizuri na nipumzike. Hakusema hata nirudi lini.”

Taa ya mafuta ilikuwa ikitoa mlio mdogo. Kisha Anko akaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata kazi ya kufanya. Akasema atachukua ovataimu, zote, na za Jumapili pia. Kufikia Agosti atakuwa na mabati ya kutosha. Atachukua likizo yake, ile aliyoilimbikiza kwa kungoja kustaafu, aende akaezeke. Halafu atamleta. “Utaingia kwako ukitembea, Rispa. Hewa ya kule si kama hii ya moshi. Utapona ukiwa kwako.”

“Mimi sijauliza paa,” Senge akasema. “Hiyo likizo nipe mimi. Kaa na mimi.”

“Nikikaa nani ataezeka?”

Nilivuta blanketi hadi kichwani nikauma ncha yake, maana nililia kwa sauti ambayo ingewafanya wajue ninasikia.

Baada ya hapo Anko akawa mtu wa kuonekana kwa mgongo tu. Alitoka kukiwa na giza, akarudi akiwa na grisi hadi kwenye nyusi, akala amesimama. Simlaumu jinsi nilivyomlaumu zamani. Alimletea mkewe ndizi mbivu kila siku, alizifunga kwenye leso safi ili zisinuke mafuta ya mashine, akaziweka mezani bila kumtazama. Hakuweza kumtazama, hasa mikono, iliyokuwa ikikonda mbele yetu. Akimaliza kula alichora nyumba kwa kijiko, na sasa aliichora ikiwa na paa. Mama Shiru alinieleza siku moja tukiwa bombani, akisugua sufuria. “Nekesa, usimchukie Anko wako. Wanaume wakiogopa hufanya kazi. Ukiona mwanaume anakimbia hivyo, jua ameogopa vibaya sana.”

Senge naye alikaa siku chache akitazama ukuta. Halafu asubuhi moja, Anko akiwa ameshaondoka, aliniambia nimletee kisu cha jikoni. Nilidhani anataka kumenya viazi. Akainama chini ya kitanda, akavuta katoni ya kwanza, akakata kamba. Sijasahau sauti ya ile kamba ya katani ikikatika, imekauka kwa miaka, ikimwaga vumbi. Akakata ya pili na ya tatu. Akafungua sanduku. Nilisimama pale na mikono mdomoni, mtoto wa Kibukusu niliyelelewa vizuri, nikijua tunafanya kitu kisichofanywa.

“Senge, hivi si ni vya nyumbani?”

“Ndiyo. Toa magazeti kwa hivyo vikombe. Polepole.”

Tulitandika mashuka ya maua. Tukatundika mapazia, marefu kuliko dirisha, yakaburura sakafuni. Tukapigilia kile kitambaa cha kuku wawili ukutani kwa misumari niliyoomba kwa jirani. Senge akavaa gauni la rangi ya zambarau aliloshonewa kwa ajili ya siku ya kuingia nyumba, likamlegea mabegani, tukalibana kwa pini. Kisha akaniambia nikande unga wa chapati. Sasa, mtu ambaye hakuishi Eastlands, mitaa yetu ile ya mashariki ya Nairobi, wakati ule hawezi kuelewa. Chapati zilikuwa za Krismasi, au za mgeni mzito. Harufu ilipotoka tu, watoto wa safu yetu yote walikuja wakajaza mlango.

“Senge, kwani leo ni Krismasi?” mmoja akauliza.

“Leo ni Jumanne. Ingieni.”

Wakaingia. Akaja Mama Shiru na beseni lake, akasimama mlangoni, akatazama mapazia, akatazama gauni, akatazama vikombe vimepangwa juu ya meza. Alivua ndara zake akaziacha nje, kama anaingia kwa mtu mwenye zulia. “Wageni ni kina nani?” akauliza. Senge akamwambia, “Ni wewe. Tumekaa mlango kwa mlango miaka yote hiyo na sijawahi kukupa kikombe cha maana.” Mama Shiru akaketi, akashika kile kikombe kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka akaacha yatoke, akinywa. Akasema chai ni tamu kuliko ya jana. Senge akamwambia ni majani yaleyale. Walicheka hadi Senge akashika ubavu. Nikafikiri, na bado nafikiri, kwamba sijapata kuona nyumba nzuri kuliko chumba kile mchana ule.

Jioni king'ora cha karakana kilipolia, Senge alinawa uso, akaniambia nichemshe maziwa upya. Siku hiyo Anko hakuwa na ovataimu. Senge alikuwa amemwekea kikombe cha kauri upande wa kiti chake, na chapati mbili zimefunikwa kwa sahani. Akaketi akitazama mlango. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku tupu, nikingoja kana kwamba mimi ndiye bibi arusi.

Anko aliingia, akatundika koti, ndipo akaona. Alitazama kitanda kwanza. Kisha mapazia. Kisha makatoni yaliyo wazi, kamba zimekatwa, na kutoka hapo hakuondoa macho.

“Umefungua,” akasema.

“Nimefungua. Keti, Wanjala. Chai iko tayari.”

“Rispa, umefungua vitu vya nyumba na nyumba haijaingiwa.”

“Nimefungua vitu vyangu. Njoo unywe na mimi.” Akamimina. Chai kidogo ikamwagika kwenye kisahani. Akamsogezea.

Anko hakuketi. Nilimwona akikitazama kile kikombe na midomo ikimcheza, mtu mkubwa mwenye mabega ya kuinua vyuma. Sasa najua alichokuwa akikiona. Kama angeketi na kunywa, angekuwa amekubali kwamba mwanamke yule hatainywa chai hiyo mahali pengine. Akarudi nyuma hatua moja. “Hiyo chai nitainywa nyumbani,” akasema kwa sauti ndogo. “Nitainywa na wewe kwako, nyumbani. Si hapa.” Akachukua kikombe chake cha bati, akateka maji kwenye mtungi, akanywa amesimama. Chai ya mezani ikapoa ikaganda utando. Senge aliitazama muda mrefu, kisha akaniambia niimwage.

Asubuhi nilimkuta Anko amepiga magoti, anafunga makatoni kwa kamba mpya. Alipotoka, Senge akakata tena. Ikawa hivyo kwa wiki nzima, yeye anafunga, mkewe anakata, hawasemezani juu yake, na ungecheka kama hungejua. Wiki iliyofuata Anko akaacha kufunga. Wala hakuvigusa vitu vile. Alipita kando ya mashuka ya maua akajilaza ukingoni, bila kujifunika lile blanketi la kijani.

Na Senge akaishi. Sina neno jingine. Alikuwa amekaa Nairobi tangu usichana wake na alijua njia tatu tu: ya sokoni, ya kanisani na ya stesheni. Sasa akataka kuona. Jumapili Anko akiwa karakana, Mama Shiru na mimi tulimpeleka Senge Uhuru Park, bustani yenye ziwa dogo, akiwa na gauni la zambarau. Akasema anataka boti. Mama Shiru, Mkikuyu wa milimani, aliapa hataingia kwenye maji ambayo hakuyateka yeye mwenyewe. Akabaki ukingoni ameshika viatu vyetu, akituombea kwa sauti. Nilipiga kasia vibaya tukazunguka mahali pamoja, Senge akirusharusha maji kwa vidole na kucheka kama msichana wa shule. Akatazama mume na mke waliokuwa kwenye boti ya jirani, wazee, wakigombana juu ya nani ashike kasia.

“Ningempata hata huyo wa kugombana naye,” akasema. “Si siku nyingi. Siku moja tu hivi, ya kukaa.”

Nikapiga kasia.

Agosti ikafika. Mabati yalikuwa yametimia, mazito, ya daraja la juu, yametangulia kwa treni ya mizigo. Anko alikuwa na pasi yake ya treni mfukoni na likizo yake mkononi. Wakati huo Senge hakuweza tena kukaa mlangoni. Alikuwa kitandani, kwenye mashuka yake, mto umeegemezwa ukutani chini ya kile kitambaa. Nilikuwa jikoni, na jikoni na chumbani palitenganishwa na ukuta wa mbao tu.

“Usiende,” akamwambia. “Nimekwambia mara nyingi, sasa nakuomba. Mimi nyumba ninayo. Ni hii. Kuna kitanda, kuna chai. Umekosekana wewe tu.”

“Wiki mbili, Rispa. Wiki mbili tu nirudi nikuchukue.”

“Na nikikosa hizo mbili?”

“Usiseme hivyo. Kwetu mwanamke hawezi…” Akakatisha. Alitaka kusema kwamba mwanamke hazikwi kwa heshima kwenye boma ambalo nyumba yake haina paa. Maiti yake italala wapi, nje kama kuni? Hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza miezi yote, na hakuweza kulitamka mbele yake. Senge alilielewa hata hivyo. Nilimsikia akishusha pumzi.

“Basi nenda,” akasema. “Nenda uezeke.”

Anko alitoka akiwa na mfuko wa nyundo na misumari. Mlangoni aligeuka, nikadhani atarudi. Akaniambia, “Nekesa, mpe ndizi,” akaenda. Niliuchukia mgongo ule kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

Senge hakulia. Kila siku alitaka anywe chai kwenye kikombe chake, hata ilipokuwa vijiko viwili tu vya kulowesha midomo, na alitaka niketi naye nami ninywe, nisifanye kazi nyingine. Nikishika ufagio aliniita. “Hiyo vumbi ilikuwa hapa kabla yako. Keti.” Akaniuliza mambo ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza: naogopa nini, nampenda nani, kwa nini nacheka nikiwa na hasira. Barua ya chuo ilikuwa imefika, nikataka kukataa kwenda, akaniapisha kwa jina la baba yangu. Wiki ya pili ilipoanza, jioni moja, king'ora cha karakana kililia. Akafungua macho, yakang'aa. “Wanjala ametoka kazini,” akasema. “Bandika maji.” Sikumkumbusha kwamba Anko yuko nyumbani magharibi, juu ya paa. Nilikwenda jikoni nikabandika maji, nikatoa vikombe viwili. Yalipochemka nikarudi kumuuliza kama atataka sukari. Hakuwa anapumua. Uso ulikuwa umegeukia mlango.

Nilipiga kelele Mama Shiru akaja mbio, kisu cha mboga bado mkononi. Yeye ndiye aliyemfumba macho. Kisha akatazama kile kitambaa ukutani, akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, akasema, “Tulikuja, Senge. Si tulikuja?” Akaketi sakafuni akajifunika uso kwa khanga.

Siku zile hapakuwa na simu za mkononi. Wenzake Anko walipiga simu ya reli hadi stesheni ya kwetu, na kijana mmoja akatumwa kwa baiskeli. Mambo yaliyofuata nilisimuliwa na fundi aliyekuwa akimshikia Anko mbao. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, na Anko alikuwa amekaa juu kwenye mgongo wa paa, akipigilia msumari wa mwisho wa upande ule. Kijana akaegemeza baiskeli, akaita kutoka chini: “Mzee Wanjala, nimetumwa kutoka Nairobi. Ni habari ya mama.” Anko hakugeuka. Alidhani Senge amemwita tena. Akajibu kwa furaha, nyundo ikiwa mkononi: “Mwambie nimebakisha upande mmoja!”

Fundi alisema kijana alisimama pale, akavua kofia. Hapo ndipo Anko alipotazama chini.

Hakupanda tena. Upande wa kushoto uliezekwa na waombolezaji, siku moja tu, kwa mabati ya mchango, membamba, yaliyopatikana haraka. Nyumba iliyongoja miaka yote ile ilikamilika kati ya asubuhi na jioni kwa sababu mtu amekufa. Tulipofika na jeneza, Anko alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mikono imening'inia. Senge aliingia kwake amebebwa. Vitu vyake tulivileta katika lori lilelile, na wanawake wakafungua makatoni, wakawapa waombolezaji chai katika vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Hakuna aliyeuliza kama nyumba imeingiwa.

Nilikwenda chuo, nikaolewa, nikazeeka kiasi. Kwangu hakuna kikombe cha wageni, na mume wangu hunitania kwamba namaliza sahani nzuri kama mtu anayekimbia deni. Anko alistaafu akaishi katika nyumba ile peke yake, hakuoa tena. Nilikuwa nikimtembelea. Nilichelewa kumsamehe, halafu siku moja nikakuta nimeshamsamehe. Alikuwa amekuwa mzee wa kung'ang'ania watu. Mtu akipita barabarani, muuza maziwa, mtoto wa shule, hata asiyemjua, alimwita ndani na kumpa chai katika vikombe vya Senge. Hakujali siku wala saa. Vingi vilivunjika, hakukasirika. Ukiinuka kuondoka alikushika mkono: “Kaa kidogo. Unakimbilia wapi?” Tulitaka kumbadilishia mabati yanayovuja, akakataa. Alisema pale ndipo alipoachia. Na yeye mwenyewe, nikaona, alikunywa chai katika kile kikombe cha bati cha Makongeni, samawati imekwisha yote.

Nilimuuliza, mwaka jana. “Anko, mbona wewe hunywi kwenye hivi?”

“Rispa alinikaribisha nikakataa,” akasema. “Mtu hakaribishwi mara mbili.” Kisha akaona mtoto akipita na madumu ya maji, akanyanyua mkono. “Wewe! Kuja unywe chai!”

Siku ya mazishi yake vilikuwa vimebaki vitatu. Mwanamke wa jirani alinipa kimoja, ukingo wa dhahabu umefutika, maua bado yapo, chai imejaa hadi juu. Wakati huohuo mchungaji alimaliza, watu wakaanza kuinuka kuelekea kaburini. Binamu yangu akanigusa bega. “Nekesa, weka hapo. Utainywa tukirudi.”

“Tangulieni,” nikamwambia.

Nikainywa pale pale, ya moto, hadi tone la mwisho, nimesimama chini ya upande ule alioezeka Anko.